Chumvi, sukari na siri ya utumbo

Je, mtoto wako akianza kuendesha, unafanya nini kwanza? Wako wazazi wanaomnyima maji papo hapo, wakidhani kwamba anachokunywa ndicho kinachotoka. Wengine hukimbilia dukani kumnunulia soda. Wote hao wanakosea, na sababu ya kosa lao ilifichuliwa na mwanasayansi ambaye hata hakuwa akichunguza ugonjwa wa kuhara.

Mtu huyo ni Robert Crane, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1919. Alianza kama mtaalamu wa kemia ya mwili na baadaye akaongoza idara ya fiziolojia, yaani elimu inayochunguza jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi. Swali lililomsumbua lilikuwa hili: sukari tunayokula hupenyaje ukuta wa utumbo mdogo hadi ikafika kwenye damu? Mnamo Agosti 1960, katika mkutano wa wataalamu jijini Prague, alitoa jibu lake. Sukari haipiti peke yake, alieleza. Huandamana na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayotia kwenye mboga.

Fikiria mlango wenye bawabu mkaidi. Sukari ikija bila sodiamu, hafungui. Sodiamu ikija bila sukari, hafungui vilevile. Zikija pamoja anaziruhusu, na maji huzifuata nyuma.

Sasa tazama kipindupindu. Sumu ya viini vyake huzilazimisha chembechembe za utumbo kumwaga maji na chumvi, hata mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa siku moja. Ungedhani utumbo wote umeharibika. La, hasha! Mlango ule wa Crane huendelea kufanya kazi hata wakati mgonjwa amelegea kitandani. Ukimpa maji matupu, mengi yatapita tu. Ukimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yatanyonywa.

Kabla ya hapo, tegemeo lilikuwa maji ya kutiwa mshipani, tiba ambayo daktari Thomas Latta aliijaribu huko Leith, Scotland, mwaka wa 1832. Ni tiba nzuri, na aliyezidiwa huihitaji hadi leo. Lakini inataka sindano, chupa za maji yaliyotakaswa na mtu aliyefunzwa. Usiku wa manane, mbali na hospitali, utavipata wapi?

Hata hivyo, safari kutoka maabara hadi kitandani haikuwa nyepesi. Mjini Manila mwaka wa 1962, Kapteni Robert Phillips wa jeshi la wanamaji la Marekani aliwapa wagonjwa maji ya kunywa ya aina hii, lakini mchanganyiko ulikuwa mkali mno na baadhi yao wakafa. Kosa lilikuwa katika kipimo. Mwaka wa 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko sahihi, wakipima kilichotoka na kurudisha kiasi hicho hicho. Mahitaji ya dripu yalipungua sana.

Kisha ikaja vita ya mwaka wa 1971, na mamilioni ya watu wakakimbilia India kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni na maji ya dripu yakikaribia kwisha. Akaamua kutumia chumvi, magadi na glukosi, vikapimwa na kutiwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa pasi ya moto. Jamaa za wagonjwa ndio waliowanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Mahalanabis alifariki mwaka wa 2022, na nathubutu kusema kwamba wengi wa walionufaika na kazi yake hawakulijua jina lake.

Paketi za ORS unazopata kliniki na kwenye maduka ya dawa zimetokana na kazi hiyo. Mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi na glukosi katika mchanganyiko huo, kwa kuwa uliopungua ukali hunyonywa vyema zaidi. Hapo ndipo soda inaposhindwa: sukari yake imezidi mno, nayo huvuta maji kutoka mwilini hadi utumboni na kumwongezea mtoto kuhara.

Ukikosa paketi, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usikisie. Yaonje; yakizidi machozi kwa chumvi, yamwage uanze upya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage pia.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoendesha, na mkubwa kidogo mililita 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza kliniki pia kuhusu tembe za zinki, ambazo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitalini bila kungoja, ukiendelea kumpa njiani kama anaweza kumeza. Na akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole, kijiko kimoja kimoja.