Kutoroka kwa adui (mchezo wa kuigiza wahusika)

Kutoroka kwa adui ni tukio katika mchezo wa kuigiza wahusika wa mezani ambapo mhusika mwovu aliyekamatwa anapata njia ya kuondoka kifungoni na kurudi katika hadithi. Kutoroka huko huhesabiwa kuwa kwa haki iwapo wachezaji walikuwa na nafasi ya kweli ya kukuzuia, na iwapo ushindi wao wa awali haufutwi.

Msingi

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji huigiza mhusika mmoja. Mwongozaji huigiza wahusika wengine wote, akiwemo adui, na pia ndiye mwamuzi wa kanuni. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu, mara nyingi yenye pande 20. Hadithi moja inayoendelea kwa vikao vingi huitwa kampeni.

Tatizo

Kwa kuwa mwongozaji ni adui na mwamuzi kwa wakati mmoja, anaweza kumfungulia mfungwa mlango kwa neno moja tu. Wachezaji wakiona hivyo, huhisi jasho lao limekwenda bure. Baadaye hawakamati mtu tena: humwua kila adui anayesalimu amri, maana wamejifunza kwamba mfungwa hutoroka daima.

Kwa upande mwingine, adui mwenye akili, fedha na wafuasi akikaa gerezani bila kujaribu lolote, hadithi haiaminiki.

Njia za haki

Njia ya kwanza ni kanuni inayoweza kujulikana mapema. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons (2014), mnyonya damu anayeshindwa akiwa mbali na jeneza lake hugeuka ukungu badala ya kuzimia, isipokuwa kama yuko katika mwanga wa jua au maji yanayotiririka. Asipofika kwenye jeneza ndani ya saa 2, huangamia. Wachezaji waliofanya uchunguzi wanaweza kulitafuta jeneza kwanza.

Njia ya pili ni dalili. Mlinzi anaanza kuvaa viatu vya bei kubwa, au mgeni asiyejulikana anauliza habari za gereza. Wachezaji wakipuuza dalili hizo, kutoroka kunakuwa tokeo la uamuzi wao wenyewe.

Njia ya tatu ni fidia. Katika Mutants & Masterminds, mwongozaji akiamua tu kwamba adui ametoroka, huwapa wachezaji pointi za shujaa, ambazo huwasaidia katika mapambano yajayo.

Mfano wa hesabu

Tuseme adui hujaribu kutoroka mara moja kila wiki, na hufaulu dadu ya pande 20 ikionyesha 15 au zaidi. Namba zinazomfaa ni 6 kati ya 20, yaani 30%. Uwezekano wa kuwa bado yumo ndani baada ya wiki 4 ni 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani takriban 24%.

Wachezaji wakibadilisha kufuli na kuwachunguza walinzi, mwongozaji anaweza kudai 19 au zaidi. Nafasi ya kila wiki inashuka hadi 10%, na uwezekano wa adui kubaki ndani baada ya wiki 4 unapanda hadi takriban 66%. Dadu hurushwa mbele ya wote, na matokeo hukubaliwa hata kama adui atabaki kifungoni.

Baada ya kutoroka

Adui aliyetoroka harudishiwi alichopoteza. Ngome iliyotekwa hubaki mikononi mwa wachezaji, siri zilizofichuliwa hubaki wazi, na washirika waliomkimbia hawarudi kwa urahisi. Hurudi akiwa dhaifu zaidi, na wachezaji wanamfahamu kuliko mwanzo.