Kopo la Biskuti na Simu ya Dharura

Makangale, kaskazini mwa Pemba, kando ya msitu wa Ngezi, mja mzito akishikwa na uchungu usiku, simu ndiyo hutangulia kuita msaada. Kuificha mvua ndani ya kopo la biskuti kwaweza kuinyamazisha. Mwaka 1836 Michael Faraday alionesha kwamba chumba kilichozungukwa na metali huzuia umeme wa nje. Mawimbi ya simu nayo hudhoofika vivyo hivyo, ingawa upenyo huweza kuyapitisha.

Jaribio ni jepesi: simu ipigwe ikiwa nje, kisha ikiwa ndani ya kopo au sufuria iliyofunikwa, mara kadhaa. Isipoita hata mara moja, chombo hicho hakifai. Chombo cha plastiki chenye kifuniko hukinga maji, wala hakizuii mawimbi.