Moto na Ngozi (Sehemu ya 3): Mkato wa Z Kati ya Vidole

Kila ninaposoma habari za walioungua usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, mimi hutafuta habari za mikono yao, na ni nadra kuzipata. Mtu anayekimbia moto hukinga uso kwa viganja. Jeraha likishafunga, watu hudhani yamekwisha, kumbe kovu linaendelea kujivuta kwa miezi. Ngozi laini iliyo kati ya vidole hupanda juu mpaka vidole havipanuki tena. Mtoto huumia zaidi, maana mifupa yake inarefuka na kovu halirefuki.

Kupandikiza ngozi tulikueleza katika sehemu ya pili. Leo ni ufundi ninaouenzi kuliko wote. Daktari hukata kovu kwa urefu wake, kisha huongeza mkato mmoja kila mwisho, kwa pembe ya nyuzi 60, ikatokea herufi Z. Pembetatu mbili za ngozi hubadilishana nafasi, zikashonwa. Kwa hesabu za karatasini, mstari ule hurefuka kwa asilimia 75, na urefu huo huazimwa kwenye ngozi ya pembeni iliyolegea. Isipotosha, hupandikizwa nyingine, mara nyingi ya kinenani.

Wajuzi wa kazi hii wana historia na Nairobi. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alitibu marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili huko East Grinstead, Uingereza. Wakati huo majeraha yalipakwa asidi ya taniki, iliyokausha ngozi ikawa ngumu na kuacha vidole vimekunjamana. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaipiga vita dawa ile, akawaogesha wagonjwa katika maji vuguvugu ya chumvi. Michael Wood, daktari wa Nairobi, alikwenda kujifunza kwake. Mwaka 1957 wawili hao, pamoja na Mmarekani Thomas Rees, waliasisi shirika la madaktari wanaowafikia wagonjwa kwa ndege, tunaloliita leo Amref. Naam, madaktari wale wa ndege walianzishwa na wapasuaji wa ngozi!

Asidi ya taniki ilifukuzwa hospitalini, lakini mitaani kwetu Kayole na Umoja bado tunampaka mtoto aliyemwagikiwa na uji dawa ya meno, unga na ute wa yai. Ni aibu, hasa kwa sisi tuliosoma. Mmiminie maji safi ya baridi kwa dakika 20, umfunike kwa kitambaa safi, umkimbize hospitali.

Baada ya upasuaji kuna gango la kuvaa usiku na mazoezi ya vidole kila siku, kwa miezi. Anayeyaacha hurudishwa na kovu alikotoka. Basi mzazi, ukiona ngozi ya kati ya vidole vya mwanao inapanda, rudi kliniki mwezi huu uombe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Usingoje mwalimu akuambie kwamba mtoto hashiki kalamu.