Barabara ikikatika, simu inamusaidia nini mukulima wa Ruzizi?

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama wenye munapika bugali kwenye karyere: mufuko wa unga wenye unafika Misisi unatoka mbali. Mihogo na muchele wa bonde la Ruzizi, tangu Luvungi, Luberizi, Sange mpaka Kiliba, vinashuka kwa barabara ya RN5 na kuingia Uvira. Kiisha vinapita Makobola, Mboko, Baraka na Fizi. Hiyo ni barabara moja tu. Ikikatika mahali pamoja, mukulima anakosa munuzi, na sisi kwenye mashimo tunanunua guigoz ya unga kwa bei yenye inakula kazi ya siku nzima.

Na inakatika mara mingi. Katikati ya Aprili 2020 muto Mulongwe ulijaa usiku na kubeba manyumba na watu hapa Uvira. Februari 2025 M23 walichukua Bukavu, kiisha Kamanyola, na barabara ya Bukavu–Uvira ikapata mustari wa vita katikati. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, na mupaka wa Burundi ukafungwa. Hata wakati hakuna masasi, kuna barriere: mwaka wa 2017 watafiti wa IPIS, ya Ubelgiji, walihesabu 798 katika Kivu zote mbili. Kila kamba inakula kidogo, na munajua nani anaimaliza hesabu: mwenye kulima na mwenye kula.

Sasa watu wa mashirika wanakuja na vitabu vizuri, wanasema teknolojia ya simu itaokoa mukulima mudogo. Mimi ninasema pole pole. Simu haitengeneze daraja. Lakini kuna mambo mawili yenye inafanya kweli: inamujulisha mukulima wakati wa kungoa mavuno, na inamulipa bila yeye kuficha franga ndani ya nguo.

Tuchukue mihogo. Muhogo uko na zawadi moja kubwa: ukikomaa, unaweza kungojea ndani ya udongo miezi kadhaa. Siku ukingoa, hesabu inaanza, juu muhogo mubichi unaharibika kisha siku mbili, tatu. Basi mama wa Sange mwenye anapiga simu Uvira asubuhi na kusikia kama lori zimezuiliwa, anaacha shamba lake kimya na hapoteze kitu. Mwenye hana simu anangoa, anabeba mpaka kando ya barabara, na mufanya biashara wa kwanza mwenye anapita anamupa bei ya huruma. Muchele wenye umekauka vizuri unaweza kungoja katika depo. Tomati hazingoje mutu. Kwa tomati, simu inasaidia tu kujua haraka kama utauza karibu ao utaacha ngombe wakule.

Hii siyo mawazo yangu tu. Kule Kerala, India, mutu wa uchumi mwenye kuitwa Robert Jensen alifuata wavuvi wa samaki wadogo wakati simu za mukononi ziliingia kwenye pwani, kuanzia 1997. Mbele ya simu, mutumbwi ulikuwa unatua kwenye soko lenye limejaa, na samaki wanatupwa: kati ya asilimia 5 na 8 ya yenye walivua kila siku. Wakati walianza kupiga simu wakiwa bado baharini, kutupa kukaisha kabisa. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa wanunuzi ikashuka kwa asilimia 4. Wavuvi wetu wa ndagala wanaelewa hiyo habari bila mutu kuwaeleza. Lakini angalieni: kule Kerala soko ya pili ilikuwa wazi. Ukijua bei ya Baraka na hauwezi kufika Baraka, unajua tu namna unapoteza.

Kuna tena ugonjwa. Ule wenye kuozesha muhogo ndani ya udongo, majani yakiwa bado mazuri, unaharibu ile mupango yote ya kungojea. Programu moja, PlantVillage Nuru, inaangalia majani ya muhogo kupitia kamera ya simu na kusema ugonjwa gani, kwa Kiswahili, bila intaneti. Ni kitu kizuri. Lakini inaomba simu ya kioo, na wengi kule bondeni wako na simu ya batoni. Katika jamaa moja simu moja inatosha, kama watu wanapatana.

Sasa feza. M-Pesa ilianza Kenya katika 2007, na kwetu ikafika katika 2012. Airtel Money na Orange Money pia ziko. Inafanya kazi kwa simu ya batoni, bila intaneti, kwa franga na kwa dola. Wakati benki za Goma na Bukavu zilifungwa mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo ilibakia njia ya feza kupita kutoka upande mumoja mpaka mwingine. Mutoto wa shule, mugonjwa, mukulima wa mbegu, wote walipita pale. Lakini karatasi zenyewe zilikosekana. Feza iko katika simu, ajenti hana ya kukupa. Ao anakupa akikata kipande chake juu ya kile cha kampuni. Mukulima mwenye ameuza mufuko kwa simu anaweza kupoteza hapo yote yenye aliokoa kwenye barriere. Na serikali haiko mbali: munakumbuka RAM, yenye ilianza kukata unite zetu katika 2020, na watu wakapiga kelele mpaka ikaondolewa katika 2022.

Kwa hiyo sisi wa sendika tusiangalie hii kama mambo ya wakulima peke yao. Karyere moja inakula mifuko mingi kwa juma, na kila PDG wa shimo anainunua peke yake, kwa bei ya siku ya matatizo. Komite ya karyere inaweza kupatana na kooperative moja ya bondeni mbele ya mavuno: sehemu ya bei inatumwa kwa simu wakati wa kupanda, ingine wakati mufuko unafika Baraka, kwa lori ao kwa mashua kutoka Kalundu kama barabara imefungwa. Mukulima anapata ya kununua mbegu bila deni la mufanya biashara, na sisi tunajua bei.

Magumu iko mahali pamoja: mufuko ukikamatwa njiani, nani analipa? Waandike hiyo katika kaye, majina na vidole vya pande zote mbili, mbele ya franga ya kwanza kutumwa.