Mama, Sheria Yaliona Hata Jeraha la Moyo

Wapendwa akina mama, sisi tunaofanya kazi katika zahanati twawaona wengi wenu kwa sababu ambazo haziandikwi kwenye kadi. Mama huja akisema kichwa kinamgonga, usingizi umempotea, na moyo humwenda mbio kila asikiapo lango likifunguliwa jioni. Twapima damu, hakuna malaria. Twapima presha, imepanda. Twampa dawa ya maumivu, na baada ya wiki tatu amerudi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mara nyingi ni safari ya nne au ya tano ndipo anaposema kwamba mume humwita mpumbavu mbele ya watoto, humpekua simu kila usiku, na humtisha kuwa atamfukuza asiwaone watoto wake tena.

Kisha huongeza maneno tuliyoyasikia mpaka tumeyakariri: "Lakini hajanipiga, basi nitaenda kusema nini?"

Hapa nchini Kenya jibu lipo tangu mwaka 2015, ilipopitishwa sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani. Sheria hiyo haikuishia kwenye ngumi na kofi. Yataja pia dhuluma ya kiakili na ya matusi, vitisho, kufuatwafuatwa, kunyimwa haki ya fedha, hata wakwe kuingilia ndoa. (Twajua baadhi yenu mmetabasamu hapo, na wengine wenu ni mama wakwe!) Dhuluma ya kiakili ni mwenendo wa kumdhalilisha mtu unaorudiwarudiwa: matusi, dhihaka, vitisho vya kumwumiza moyo, au wivu uliopita kiasi hata mtu akakosa uhuru wake. Angalieni neno hilo, kurudiwarudiwa. Ugomvi wa siku moja juu ya ada ya shule si dhuluma. Kila nyumba ina siku zake.

Mtu anayetendewa hivyo aweza kuiomba mahakama impe amri ya ulinzi. Si lazima mtesaji awe mume. Aweza kuwa mume wa zamani, mchumba, baba wa mtoto wako, au jamaa mwingine wa nyumba hiyo.

Sasa tuseme lile linalowazuia wengi, maana tumelijadili katika chama cha akina mama zaidi ya mara moja na kila mara machozi yametoka. Mke mwema, twaambiwa, huvumilia. Mvumilivu hula mbivu. Akienda kortini ameivunja ndoa yake na kuliaibisha kanisa. Kwa hiyo mama hukaa kimya, akifunga na kuomba, huku mwili wake ukiisha.

Dada mpendwa, amri ya ulinzi si talaka. Cheti chako cha ndoa hubaki vilevile na kiapo mlichokula madhabahuni hakiguswi. Talaka ina kesi yake yenyewe chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na hakuna anayekulazimisha kuifungua. Amri ya ulinzi humwambia mtesaji: acha. Acha matusi, acha vitisho, acha kumfuata kazini, acha kuwatuma wengine wamsumbue. Hakimu aweza kutoa amri hiyo na ninyi mkaendelea kuishi chini ya paa moja. Akiona hatari ni kubwa, aweza kuamuru mtesaji atoke katika nyumba, au asiingie sehemu fulani ya nyumba, hata kama imeandikwa kwa jina lake. Mali hubaki ya mwenyewe. Kinachotafutwa ni usalama wako.

Na wanaosema Mkristo hakimbilii sheria, na wakumbuke kwamba Mtume Paulo, alipoona maisha yake yamo hatarini, alidai haki yake ya uraia na kukata rufani kwa Kaisari.

Ugumu wa jambo hili ni ushahidi. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha, na fomu ya P3 ya polisi hutumika zaidi kwa majeraha ya mwili. Moyo uliovunjika hauna picha. Kwa hiyo mama, andika. Tafuta daftari dogo la kawaida, uandike tarehe, saa, maneno yenyewe aliyoyasema, na nani alikuwapo. Usiandike "alinitukana" peke yake. Andika tusi lenyewe, hata kama kalamu yaona haya. Ujumbe wa vitisho kwenye simu usiufute kwa hasira. Mwombe dada yako au rafiki mwaminifu akuwekee nakala, na daftari lisilale nyumbani kama anapekua vitu vyako.

Tena uje zahanati na utuambie ukweli. Mficha uchi hazai. Ukisema "nimechoka tu", tutaandika uchovu. Ukitueleza kisa, tutaandika kwamba tangu mwezi fulani mama huyu hapati usingizi, amepungua kilo kadhaa, presha yake imepanda, na amesema chanzo ni vitisho nyumbani. Maandishi hayo yenye tarehe na mhuri yaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Ombi hupelekwa mahakamani pamoja na hati ya kiapo inayoeleza mambo hayo. Shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lililoanzishwa mwaka 1985, huwasaidia bila malipo akina mama wasioweza kumlipa wakili. Waweza pia kuanzia kituo cha polisi, na una haki ya kuomba kuandikisha habari zako kwa askari mwanamke. Namba ya simu 1195 hupigwa bure, mchana na usiku. Hatari ikiwa karibu, hakimu aweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa, kisha naye huitwa ajieleze siku ya kusikilizwa. Akiivunja amri, atakuwa ametenda kosa la jinai. Aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa jela muda usiozidi miezi 12, au vyote viwili.

Wasomaji wetu walio ng'ambo ya mipaka wasidhani sheria ni moja. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2010 yenye amri kama hii. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huipa mahakama uwezo wa kumkataza mume au mke kumsumbua mwenzake, lakini ni pale kesi ya ndoa inapokuwa au ilipokwisha kuwa mbele yake.

Neno moja la tahadhari. Siku mtesaji anapopokea karatasi za mahakama yaweza kuwa siku mbaya kuliko zote. Karatasi haina mikono. Kabla ya siku hiyo, amueni wewe na mtu unayemwamini mtalala wapi na watoto, na weka tayari vyeti vyao vya kuzaliwa, kitambulisho chako, dawa zako na nauli. Amri ikishatoka, toa nakala kadhaa. Moja ibaki mkobani, moja kwa dada yako, na nyingine upeleke mwenyewe kituo cha polisi kilicho karibu, uhakikishe imepokelewa na uandike jina la askari aliyeipokea.