Injini kubwa si dawa, ndege inataka mizani!

Vijiweni wanasema gari ni injini. Mtu akipita na pikipiki yenye cc nyingi, washikaji wote wanageuza shingo. Tatizo linakuja pale mtu anapoyachukua mawazo hayo hayo na kuyapeleka kwenye ndege ya kuchezea, ile inayoongozwa kwa rimoti. Hapo ndipo mshiko unapoteketea mchana kweupe.

Nayasema haya kwa sababu nimetoka Kate, wilayani Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa. Najua, ukitaja Sumbawanga na kuruka katika sentensi moja, watu wa mjini wanakutazama kwa jicho la pembeni na kuanza kuwaza ungo. Tuache utani jamani! Nilichokiona Kate kina mabawa, kina betri na kina mota. Kimejengwa na kijana fundi redio, ambaye ameniomba nisimtaje jina, kwa ile sponji ngumu nyeupe inayofungashiwa televisheni.

Ndege yake ilikuwa na uzito wa kilo moja na mabawa ya mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha. Mota ya kwanza ilikuwa ya gramu 60. Ilipaa, lakini kwa shida, ikijivuta kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Washauri wa kijiweni hawakukawia. "Kaka, funga mota kubwa, utatuletea mrejesho!"

Akaagiza ya gramu 120, akaitia puani. Siku ya majaribio ndege ikapiga mbio, ikainuka kimo cha magoti, kisha ikainama na kuchimba shamba la ulezi kwa pua. Watoto wakaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye jembe begani akasogea.

"Shikamoo mzee," fundi akasalimia huku akiokota vipande.

"Marahaba mwanangu. Huyu ng'ombe wako kichwa kimezidi matako."

Basi! Mzee alikuwa amemaliza somo zima bila chaki wala ubao.

KWA NINI ILIJIVUTA?

Tuanze na ile mota ndogo. Sumbawanga na maeneo ya uwanda wake yako takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, imepungua kwa karibu asilimia 16 ukilinganisha na ya Dar es Salaam au Tanga. Injini ya mafuta inavuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu inashuka, na fundi lazima apunguze mafuta yanayoingia ili yaendane na hewa hiyo.

Mota ya betri haivuti pumzi, lakini na yenyewe haisalimiki. Rafadha, au pangaboi kama wengi wanavyoiita, inakata hewa kidogo. Mabawa nayo yanabebwa na hewa kidogo. Ndege inayopaa vizuri ufukweni inahitaji kasi zaidi ya asilimia 9 hivi ili ipae Ufipa. Kwa hiyo mota ya yule kijana haikuwa mbovu. Ilikuwa imevaa pangaboi la pwani.

Dawa ilikuwa rahisi. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, mota inapata mzigo mdogo, na inaweza kuzungusha pangaboi kubwa kwa saizi moja bila kuchoka. Uzito unaoongezeka ni gramu chache tu. Cha kuangalia ni joto. Washa, zungusha kwa nguvu zote kwa nusu dakika, zima, kisha gusa mota. Ikiunguza vidole, rudi saizi ya chini. Mwenye mita ya umeme apime ampea, ndiyo njia ya uhakika.

MIZANI YA VIDOLE VIWILI

Sasa ile mota kubwa. Kila ndege ina kitovu cha uzito, mahali ambapo ukiishika inatulia bila kuinama mbele wala nyuma. Kwa ndege ya kujifunzia, kitovu hicho kinatakiwa kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa likiwa na upana wa sentimeta 20, tafuta kati ya sentimeta 5 na 6. Weka betri mahali pake, inua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja kila upande. Ikikaa sawa au ikainamisha pua kidogo tu, mambo bomba. Kwa injini ya mafuta, pima tangi likiwa tupu.

Wazoefu wa fani hii wana usemi wao: ndege nzito mbele huruka vibaya, nzito nyuma huruka mara moja tu!

Hesabu yake ni ile ya pembea. Mota mpya ilizidi ya zamani kwa gramu 60, na imekaa sentimeta 20 mbele ya kitovu. 60 mara 20 ni 1,200. Ukitaka kusawazisha kwa risasi mkiani, sentimeta 60 nyuma ya kitovu, unahitaji gramu 20. Sasa umeongeza gramu 80 kwenye ndege iliyokuwa tayari inalalamika. Lakini betri ya gramu 200 ukiirudisha nyuma sentimeta 6, nayo inatoa 1,200 ile ile. Bure, bila hata senti tano!

Kwa hiyo anayetaka mota nzito aanze na betri, risasi iwe ya mwisho. Na kabla ya kununua, ajue kiasi kinachotosha. Ndege ya kujifunzia ya kilo moja inaridhika na wati 200 hivi. Zaidi ya hapo ni kuuza sura.

HATA WAKUBWA

Ndugu Orville na Wilbur Wright waliporuka Desemba 17, 1903 huko Marekani, injini yao ya nguvu za farasi 12 ilikaa kulia na rubani akalala kushoto. Injini ilikuwa nzito kuliko mtu, wakarefusha bawa la kulia kwa sentimeta 10 hivi. Hawakukimbilia injini kubwa, walikimbilia mizani.

Na usidhani haya ni michezo ya watoto. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302 kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa. Ilikuwa Boeing 737 MAX 8, umbo la zamani lililofungwa injini kubwa zaidi, zikakaa mbele zaidi na juu zaidi. Katika hali fulani injini hizo zilielekea kuinua pua, kwa hiyo ikawekwa programu ya kuirudisha chini. Kihisio kikatoa taarifa za uongo, programu ikaikandamiza pua tena na tena. Oktoba 2018 nyingine ya aina hiyo, ya Lion Air, ilikuwa imeshaua watu 189 Indonesia. Ukibadilisha injini, umebadilisha tabia ya ndege nzima.

Kule Kate, fundi wetu aliunga pua kwa gundi, akarudisha mota yake ya gramu 60 na kuivika pangaboi kubwa kwa saizi moja. Akapima kwa vidole. Alipoirusha, ilizunguka juu ya mahindi mara nne na kutua majanini nzima. Ile mota ya gramu 120 anaiuza, anayetaka amfuate.

Na wewe unayetaka kujaribu, vyombo vinavyoruka bila rubani vina kanuni zake, msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Uliza kwanza, kaa mbali na viwanja vya ndege na vichwa vya watu. Halafu siku unayokwenda kununua mota, nunua na mzani mdogo wa jikoni. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.