Mali Isiyoandikwa Ni ya Nani?

Tulipokuwa Waa kwa mkutano wa vikundi, akina mama wa kikundi kimoja walituuliza swali tukashindwa kulijibu pale pale. Mzee mmoja aliwapa sehemu ya shamba lake wajenge kibanda cha mashine ya kusaga mahindi. Alitoa kwa mdomo, watu wakapiga makofi. Sasa mzee amefariki, na wanawe wanasema baba yao aliazima tu, hakutoa. Karatasi? Hakuna.

Wenye mashamba makubwa walilijua jambo hili tangu zamani. Kule Uingereza, mwaka 1183, Askofu Hugh wa Durham aliamuru mali ya uaskofu wake iandikwe kijiji kwa kijiji. Katika kijiji cha Boldon waliandikwa wakulima 22, kila mmoja na ekari zake 30, na kwamba humfanyia askofu kazi siku tatu kila wiki. Hata kuku wawili na mayai kumi ya kila mkulima yameandikwa! Vijiji vingine karani aliandika kwa mkato tu, kwamba kazi zao ni kama za Boldon, ndipo kitabu kikapata jina la Kitabu cha Boldon. Cha asili kilipotea, lakini nakala zake zipo hadi leo. Lakini tuangalie vizuri: lile lilikuwa daftari la mwenye kudai. Mkulima anaonekana humo kwa deni lake.

Kwetu pwani kalamu ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilileta sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye shamba alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili, pamoja na ushahidi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi habari haikuwafikia, au hawakuona sababu ya kwenda kudai kilicho chao. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota penye makaburi ya babu zao. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini kesi zake hazijatuisha.

Basi vikundi vinunue daftari ngumu. Andikeni kiwanja: kinapakana na nani pande zote nne, na alama ya mpaka ni nini. Halafu hesabuni miti. Huku kwetu, ninyi mnajua, mnazi unaweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ya yule, na nyumba vivyo hivyo. Kwa hivyo msiandike "shamba" mkaacha hapo. Andikeni minazi mingapi, mikorosho mingapi, ya nani. Aliyetoa atie sahihi au kidole gumba angali hai, na warithi wake wawepo, si majirani peke yao.

Hata hivyo daftari si hati ya kumiliki. Kama mnanunua, sheria ya Kenya inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbele ya mashahidi. Tena ulizeni kwanza katika ofisi ya ardhi hapo Kwale kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani.

Wale akina mama wa Waa tutaketi nao pamoja na wana wa marehemu. Wapo majirani wanne waliohudhuria siku ile ya kutoa. Wawili ni wazee sana, kwa hivyo tutaanza kuandika maneno yao.